Bundi kwenye seng'enge: uchambuzi wa kisa kimoja cha nyumbani

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mkoa wa Tanga, upande ambao mashamba ya mkonge yanapakana na makazi ya watu. Majina ya wahusika, mtaa na mwaka nimeviondoa. Mimi niliingia kwa njia ya simu asubuhi ya kwanza, kisha nikakifuata hadi mwisho nikiwa bega kwa bega na daktari wa mifugo aliyemtibu ndege.

Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha mpangilio wa maswali. Mtu akiokota ndege aliyeumia, karibu kila mara huuliza kwanza: "Nimpe nini ale?" Swali hilo lina haki yake, ila liko nyuma sana kwenye foleni. Mbele yake kuna huyu ni ndege gani, ameumia wapi, ana umri gani, na alikuwa anafanya nini maishani mwake kabla ya kuumia. La mwisho hilo ndilo lililotushtua katika kisa hiki.

Mazingira ya nyumba

Nyumba ni ya bati, dari yake ya hadibodi, na imezungushiwa ukuta wa matofali wenye nyuzi tatu za seng'enge juu. Nyuma ya ukuta kuna minazi michache, halafu mkonge. Ndani waliishi Bibi mwenye nyumba, mumewe ambaye alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, mtoto wao wa kiume na mkewe, pamoja na wajukuu. Huyo mtoto wao nitamwita Kaka, kwa kuwa ndivyo tulivyoitana kwenye simu.

Kwa muda familia ilikuwa ikisikia sauti darini usiku, kama mtu anayekoroma na kupuliza kwa mpigo. Mmoja akasema paka, mwingine akasema nyoka. Ukutani, chini ya upenyo ulio kati ya tofali na bati, kulikuwa na michirizi ya kinyesi cheupe. Mke wa Kaka alikuwa akifagia kila wiki vidonge vyeusi vyenye ukubwa wa kidole gumba, vilivyoshikamana kwa manyoya, akidhani ni uchafu wa paka. Ukikipasua kidonge cha namna hiyo unakuta mafuvu ya panya na virukanjia, yakiwa safi kama yameoshwa. Bundi humeza mawindo mazimamazima, kisha hutapika manyoya na mifupa.

Kwa hiyo ushahidi wa kwamba nyumba ina wapangaji ulikuwepo, ila ulikuwa ukiishia kwenye jalala.

Alfajiri kwenye ukuta

Saa kumi na mbili kasoro, mlinzi wa nyumba ya jirani aliona kitu cheupe kikipigapiga juu ya ukuta. Alikuwa bundi, amenasa bawa la kushoto kwenye mwiba wa seng'enge. Ndege akinaswa hivyo hujirusha na kuzunguka, na kila mzunguko huisokota ngozi kwenye waya. Hadi Kaka anafika na ngazi, ngozi ilikuwa imejiviringisha mara mbili kuuzunguka mwiba.

Majirani walishajaa. Bundi nyumbani kwa mgonjwa, tena alfajiri, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mzee mmoja alishauri ndege achomwe hapohapo pamoja na waya wake. Mwingine alisema aachwe afe mwenyewe, maana atakayemgusa ndiye atakayebeba mkosi.

Kaka alinipigia kupitia mtu wa tatu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi:

"Kaka, huyu ndege anapuliza kama nyoka, tena anagongagonga mdomo. Nimvute tu atoke?"

"Usimvute. Una plaizi?"

"Ipo."

"Mfunike kanga nzito kichwani mpaka mabegani. Akitulia, kamata miguu yote miwili kwa mkono mmoja, juu ya vidole. Mtu mwingine akate waya upande huu na upande ule. Kipande kilichoingia kwenye nyama kiacheni hapohapo, aje nacho."

Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo ndege wengi hupotezwa. Ukijaribu kuikunjua ngozi iliyosokotwa huku ndege anapigana, unageuza tundu kuwa mpasuko. Waya ukikatwa pande zote mbili, uzito wa ndege unaondoka kwenye jeraha, na mwenye mkono mtulivu atakichomoa kile kipande baadaye mezani. Kuhusu kanga, bundi asiyeona hupunguza fujo mara moja. Kuhusu miguu, watu huogopa mdomo, kumbe silaha ya bundi ni kucha. Miguu yake ni mirefu kuliko unavyoidhania akiwa ameitunza chini ya manyoya, na kucha zikishaingia kiganjani hazitoki kwa kubembelezwa.

Bibi ndiye aliyeimaliza hoja ya majirani. Hakubishana nao juu ya mkosi. Alisema, "Huyu anaondoka hapa sasa hivi, anapelekwa kwa daktari. Mnataka nini tena?" Hapo wanaomwonea ndege huruma na wanaomwogopa wakawa wanataka jambo moja: atoke uani. Kaka aliongezea la sheria, kwamba mnyamapori si mali ya mtu wa kumchoma apendavyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hilo nalo lilisaidia, lakini kwa maoni yangu la Bibi ndilo lililofungua njia.

Ni ndege gani huyu

Picha tatu zilinifikia kabla hawajapanda bajaji: uso, tumbo, na miguu. Niliziomba hizo tatu kwa makusudi. Watu hupenda kupiga picha ya mgongo, ambayo haisemi mengi.

Uso ulikuwa mweupe, bapa, wenye umbo la moyo, na macho meusi. Hakuwa na vishungi vya manyoya kichwani. Hayo mawili yanatosha kuwaondoa wengi. Bundi mkubwa mwenye madoa, ambaye naye huonekana sana mijini na kando ya mashamba, ana macho ya manjano na vishungi vinavyofanana na masikio. Yule mdogo kabisa aliaye usiku kwenye minazi na miembe naye ana vishungi na macho ya manjano. Bundi wa misituni ana macho meusi na hana vishungi, lakini ni wa kahawia mwili mzima na uso wake hauna ule moyo mweupe. Picha ya miguu ilimaliza kazi: mirefu, yenye manyoya haba kuelekea vidoleni, na kucha ya kidole cha kati ina vijino upande mmoja kama kitana. Huyu ni bundi mweupe wa maghalani na mapaani, *Tyto alba*.

Jina hilo lilibadilisha mambo manne papo hapo. Kwanza, ni mla panya, kwa hiyo mkate, maziwa na ugali viliondolewa kwenye orodha. Pili, ni ndege wa mapaani, hivyo huenda anaishi palepale alipookotwa. Tatu, ikabidi niulize kuhusu sumu ya panya, maana bundi anayekula panya waliokula sumu hudhoofika na kuvuja damu isiyoganda. Nne, kule kupuliza na kugonga mdomo, ambako majirani walikusikia kama uchawi, ni vitisho vya kawaida vya ndege huyu anapoogopa. Akiendelea kufanya hivyo ujue bado ana nguvu. Bundi aliyenyamaza, amefumba macho na kukaa wima bila kujali mtu, ndiye wa kuhofia.

Mke wa Kaka alikuwa amemwekea maji kwa kijiko mdomoni, kwa huruma. Nikamwomba aache. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale kwenye shina la ulimi, na maji yanayomiminwa huingia mapafuni kwa urahisi kuliko tumboni. Bahati nzuri yalikuwa matone tu.

Walimweka kwenye boksi la kadibodi lililokuwa na biskuti, wakatandika taulo kuukuu chini ili miguu isiteleze, na wakatoboa matundu pembeni usawa wa chini. Kitenge kibichi kilichokamuliwa kiligusishwa juu ya jeraha ili ngozi isikauke. Utando wa bawa ni mwembamba, na ukikauka hufa kabla daktari hajaushika sindano.

Mezani kwa daktari

Daktari huyu siku zake huzimaliza na ng'ombe, mbuzi na kuku. Hakuwahi kumshona bundi. Alichonacho ni mikono mizuri na unyenyekevu wa kuuliza: alimpigia mwenzake aliyesoma naye chuo kikuu cha Sokoine, Morogoro, wakajadili dawa ya usingizi na kipimo chake kabla ya kufungua boksi.

Uchunguzi wake ulifuata njia ambayo ningependa kila mtu anayewashika ndege aijue. Alianza kwa kumtazama bila kumgusa: anasimama au analala, mabawa yote mawili yako usawa mmoja au moja limelegea, anapumua kwa mdomo wazi au umefungwa. Kisha mizani ya jikoni: gramu 330 pamoja na kipande cha waya. Ndege hawa kwa kawaida huwa gramu mia tatu na kitu, kwa hiyo hakukonda. Akapapasa kidari. Mfupa wa kidari ukiwa umechongoka kama kisu, ndege ameshinda njaa muda mrefu na jeraha unaloliona huenda ni matokeo ya udhaifu, chanzo kikiwa kingine. Wa huyu ulikuwa umezungukwa na nyama. Akafungua mdomo: ndani pekundu, hapakuwa na weupe wa mtu aliyepoteza damu wala utando wa manjano. Damu kwenye bawa ilikuwa imeganda. Hapo tukaiweka kando hofu ya sumu, ingawa hatukuifuta kabisa, kwa kuwa jirani mmoja alikiri kuiweka wiki ile.

Macho yote mawili yalikuwa safi. Mfupa wa bawa haukuvunjika popote; alifuata kila kiungo kwa vidole, akilinganisha na bawa zima. Jeraha lilikuwa kwenye utando wa ngozi ulio mbele ya bawa, kati ya bega na kifundo. Ukingoni mwa utando huo kuna ukano unaolikunjua bawa wakati wa kuruka. Ukano ukikatika, ndege anaweza kupona jeraha vizuri kabisa na asiruke tena maisha yake yote. Daktari aliupitishia mwanga wa tochi kwa nyuma, na kwenye ngozi ile nyembamba ukaonekana kama uzi mweupe, mzima, na mpasuko umeanza kama nusu sentimita nyuma yake.

Akamlaza. Akachomoa kipande cha waya kwa kukizungusha kinyume cha ulivyosokotwa, akaosha kwa maji ya dripu ya chumvi, akakata ukingo uliokufa, akashona kwa uzi mwembamba unaoyeyuka. Msaidizi alitaka kupaka mafuta ya kidonda, daktari akamzuia. Mafuta hugandisha manyoya, na bundi aliyegandwa manyoya hawezi kuruka wala kujikinga na ubaridi. Dawa ya maumivu aliyompa ilikuwa meloksikamu kwa kipimo alichokubaliana na mwenzake. Familia walikuwa wamependekeza kidonge cha diklofenaki cha mzee mgonjwa, mume wa Bibi. Dawa hiyo ndiyo iliyofyeka tai kwa mamilioni Bara Hindi, walipokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Dawa za binadamu zibaki kabatini.

Kipara cha tumboni

Alipokuwa bado amelala, daktari alimgeuza chali akapuliza manyoya ya tumbo ili aone kama kuna michubuko. Manyoya yakagawanyika, na chini yake hapakuwa na manyoya. Palikuwa na eneo la ngozi tupu lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, nyekundu kidogo, na pembeni manyoya mapya yameanza kuchomoza.

Hicho ni kipara cha kuatamia. Ndege humwagika manyoya hapo ili ngozi yenye joto igusane na mayai. Kwa bundi hawa jike ndiye anayeatamia na kuwafunika makinda. Dume kazi yake ni kuwinda na kuleta. Madoa meusi kifuani nayo yalielekeza kwa jike, maana majike huwa na madoa mengi zaidi. Kwa hiyo mezani tulikuwa na mama, mwenye kipara kilichoanza kufunga, na mahali fulani karibu kuna makinda ambayo hayajawa makubwa.

Mkoromo wa darini ukapata mwenyewe.

Mchana huohuo Kaka alipanda kupitia mlango wa dari akiwa na tochi na kitambaa puani, maana vumbi la kinyesi si la kuvuta. Akapiga picha moja kwa mbali, akashuka. Makinda manne, yamepangika kwa ukubwa kama ngazi. Jike hutaga kwa kupishana siku mbili tatu na huanza kuatamia tangu yai la kwanza, ndiyo maana makinda hayalingani. Mkubwa alikuwa na umri wa wiki tatu na ushee, manyoya ya kweli yakichomoza mabawani. Mdogo alikuwa furushi la sufi, labda wiki mbili.

Uamuzi uliotukalia koo

Tulikuwa na njia tatu. Kuwashusha wote na kuwalea kwa mkono. Kuwaacha na kumtegemea dume. Au kumrudisha mama upesi kabla hajapona, kitu ambacho daktari alikikataa bila mjadala, kwani ndege mwenye nyuzi bawani angerudi kwenye waya uleule.

Kulea kwa mkono kunavutia, na kila mtu pale alikuwa tayari kujitolea. Wajukuu walishagawana majina. Nilipinga. Kinda wa bundi aliyelelewa na watu akiwa mdogo hukua akiwaona watu ndio jamaa zake, na katika mji unaotaka kuwachoma bundi, ndege asiyeogopa watu umemwandikia hukumu. Halafu baba yupo. Hatukumwona, lakini tulijua yupo, maana nani alikuwa akimlisha jike wakati anaatamia?

Kilichotutia mashaka ni yule mdogo. Dume huleta panya mzima akamweka. Kumchanachana panya na kumlisha kinda vipande ni kazi ya mama. Kinda wa wiki tatu humeza panya mdogo mzima. Wa wiki mbili hushindwa au humezea shida. Ubaridi haukuwa tatizo, kwani chini ya bati la pwani tatizo ni joto.

Tukaamua waachwe, usiku wa kwanza Kaka akae uani akihesabu dume anavyoingia, na kila magharibi aweke vipande vya panya karibu na mdogo kwa koleo refu, bila kusema neno wala kumshika. Panya walitoka kwenye mitego ya kubana iliyotegwa ndani ya nyumba na ya ndugu wawili ambao tulihakikisha hawakutumia sumu. Usiku ule wa kwanza dume aliingia mara tano. Ofisa wanyamapori wa wilaya alikuwa ameshapigiwa simu, akaridhia ndege atunzwe kwa daktari kwa muda wa matibabu, na siku ya tatu akaja mwenyewe kuona.

Kuuguza

Jike aliwekwa kwenye chumba cha stoo kwa daktari, chenye giza nusu. Daktari alikuwa na banda la waya la kuku, tena zuri, tukalikataa. Bundi akihangaika kwenye waya huvunja manyoya ya mkia na ya mabawa, na manyoya yaliyovunjika hayaoti hadi msimu wa kunyonyoka. Unamponya bawa unamharibia usafiri. Kuta za mbao laini au boksi kubwa ni bora, pamoja na gogo lililozungushiwa mkeka kuukuu wa kusimamia.

Siku mbili za kwanza hakula. Hapo watu huanza kulazimisha. Daktari alimpa maji kwa bomba chini ya ngozi, akaacha panya mmoja mzima gizani, akafunga mlango. Asubuhi ya tatu panya hakuwepo, na jioni kulikuwa na kidonge cha manyoya sakafuni. Kidonge ndicho taarifa ya hospitali kwa bundi: kinaonyesha tumbo linafanya kazi na amekula mnyama mzima. Ukimlisha nyama ya steki peke yake hana cha kutapika, na anakosa madini ya mifupa. Baadaye alikuwa akimaliza panya watatu au wanne wadogo kwa usiku. Panya walipopungua, mfuga kuku mmoja alitoa vifaranga madume wa siku moja ambao hata hivyo hutupwa.

Nyuzi zilishika, isipokuwa sehemu ndogo karibu na kifundo ambayo ilikauka na kuacha tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Daktari aliliacha lizibe lenyewe.

Kuachiwa

Wiki ya tano alijaribiwa kwenye ghala tupu la mkonge, mlango umefungwa. Hapa wengi hukosea wakidhani kuruka ni kuruka. Tulitazama kama ananyanyuka kutoka sakafuni bila kukimbia, kama anapinda kulia na kushoto sawasawa, kama anatua juu ya boriti au anaigonga, na kama anarudia bila kuhema. Siku ya kwanza alichoka upesi na alipinda vibaya upande wa kushoto. Akarudishwa kwa zoezi kila jioni. Mwishoni alikuwa akivuka ghala zima mara sita mfululizo, na tulichokisikia ni nyayo zetu tu. Bundi mzima haruki kwa kelele, kwani ukingo wa unyoya wake wa mbele una vinyuzi vinavyoua sauti ya upepo.

Utaalamu unasema mrudishe ndege mzima wa umri pale ulipomtoa, maana anajua mashimo, maadui na mawindo ya eneo lake. Majirani walisema vingine. Tulimwachia jioni moja isiyo na mvua, ukingoni mwa mkonge, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Bundi huyu huwinda mbali kuliko hapo kila usiku, kwa hiyo bado alikuwa kwake.

Makinda matatu yalikua na kuanza kutoka nje ya bati kwenye wiki ya nane hivi ya umri. Yule mdogo alikutwa amekufa siku ya nne baada ya tukio. Mzee mgonjwa, kwa wanaotaka kujua, aliendelea na matibabu yake kama kawaida.

Uchambuzi

Kilichomwokoa mama ni dakika ishirini za mwanzo: plaizi badala ya mkono, kanga, kitambaa kibichi, boksi, na kutomlisha. Dawa na nyuzi vilikuja baadaye na vingekuta maiti ya bawa kama ngozi ingechanwa au kukauka. Ningemwekea uzito wa pili daktari aliyeuliza kabla ya kushika. Mji wowote wenye wafugaji una daktari wa mifugo, na miji michache sana ina daktari wa ndege. Anayekubali kupiga simu anaziba pengo hilo.

Kumtambua ndege kwa picha tatu kulifanya kazi, lakini kulikuwa na upungufu. Tulitambua aina asubuhi, na hali yake ya uzazi tukaitambua mchana, kwa bahati, kwa sababu daktari alikuwa anatafuta michubuko. Kama asingepuliza manyoya ya tumbo, tungemtibu mama wiki tano huku tukidhani mkoromo wa darini ni paka. Kupuliza tumbo kuwe sehemu ya uchunguzi wa kila ndege mzima wa umri, na maswali ya simu yaanze na kinyesi, vidonge na sauti kabla hata ya kumgusa ndege.

Kuhusu kinda mdogo, mimi na daktari hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anaona angeshushwa peke yake na kulishwa kwa kikaragosi cha kuvaa mkononi chenye sura ya bundi kwa siku kumi, kisha arudishwe kwa ndugu zake. Hoja yake ina nguvu: wale watatu walikuwa na uwezo wa kumeza, yeye hakuwa nao, na vipande vya magharibi huenda vililiwa na wakubwa. Mimi naona kinda wa mwisho kwa bundi hawa mara nyingi hafiki hata mama akiwepo, na kila kupanda darini kungeweza kumfukuza dume na kuwapoteza wote. Kama kisa kitarudi vilevile, nadhani ningekubali jaribio lake kwa sharti kwamba mtu mmoja tu apande, tena mchana dume anapolala.

Kilichoshindikana wazi ni kurudi nyumbani. Ndege aliachiwa pembeni kwa sababu ya watu. Bibi alijitahidi: aliwaonyesha majirani vidonge vilivyopasuliwa, mafuvu ya panya kumi na moja kwenye sahani ya bati, na wawili kati yao wakaacha kuweka sumu. Yule mzee wa kuchoma hakubadilika hata kidogo, wala sikutarajia. Watoto wake ndio waliokuwa wakileta panya wa mitego.

Seng'enge bado ipo. Familia ilihitaji ulinzi na haikuwa na fedha za kuibadilisha. Kaka aliondoa uzi wa juu upande wa mkonge pekee, ule bundi wanaoupitia wakitoka chini ya bati, na kwenye nyuzi mbili zilizobaki akafunga vipande vyeupe vya mifuko ya salfeti kila hatua moja, ili zionekane usiku. Upenyo wa darini utazibwa makinda yakishatoka kabisa, na fundi ameshaambiwa apandishe tochi kwanza kabla ya saruji.